WOGA USIO NA ADUI
Ugonjwa wa hofu ya ghafula: asili zake, dawa zake, na kazi yetu

Katika jimbo letu la Butembo-Beni hakuna padri wala katekista asiyejua woga ni kitu gani. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji yamewapata watu wa Beni na vijiji vyake mara nyingi sana. Kutoka tarehe 1 Agosti 2018 hata tarehe 25 Juni 2020 tuliishi na Ebola, iliyoua watu zaidi ya 2,200, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tarehe 27 Juni 2021, asubuhi ya Jumapili, bomu lililipuka ndani ya kanisa la Emmanuel-Butsili mjini Beni kabla ya Misa, na wanawake wawili waliumia. Mtu anayeogopa mambo kama hayo si mgonjwa. Woga wake ni mlinzi mwema aliyewekwa na Muumba ndani ya kila mwili.

Lakini kuna woga mwingine. Huo huja pasipo adui. Humkuta mtu kanisani, sokoni, darasani, hata kitandani, mahali ambapo hakuna masasi wala moto, ukamtikisa kama mtu anayekufa. Waganga huuita ugonjwa wa paniki. Sisi tutauita ugonjwa wa hofu ya ghafula. Yafaa tuujue vema, maana mara nyingi mgonjwa hupita kwa katekista kabla ya kupita kwa mganga. Na tusipojua, huruma yetu yenyewe yaweza kuuongeza ugonjwa wake. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulionyesha katika kurasa hizi.

I. KESI

Tufuate desturi ya masomo yetu ya maadili, tuanze na kesi. Tumeitunga kwa kuunganisha mambo ya watu mbalimbali, ili mtu yeyote asitambulikane. Lakini kila mmoja aliyefanya utume kwetu ataitambua.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Butembo ana miaka 27, mke na watoto wawili. Kwao ni upande wa Oicha. Ndugu zake walikimbia vita wakaja kukaa kwake. Sasa ni watu kumi na mmoja katika nyumba ya vyumba viwili. Mshahara huchelewa. Usiku hulala saa nne tu, na asubuhi hunywa kahawa kali, kikombe juu ya kikombe, ili aweze kusimama mbele ya wanafunzi.

Jumapili moja kanisa limejaa, watu wanaimba Nasadiki. Mara moyo wake ukaanza kupiga kwa nguvu pasipo sababu. Pumzi ikawa fupi, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, jasho likamtoka, kizunguzungu kikamshika. Akaona watu na altare kama vitu vya ndotoni. Wazo moja tu likamjaa kichwa: «Ninakufa.» Akatoka mbio akikanyaga miguu ya watu. Vijana wakampandisha moto wakampeleka hospitali. Walipomaliza kumwandikisha, nusu saa ilikuwa imepita na moyo umetulia. Tansio ni nzuri, moyo ni mzima. Wakamwambia: «Mwalimu, huna kitu. Rudi nyumbani.»

Juma lililofuata ikamrudia juu ya moto, akashuka katikati ya njia. Kisha sokoni. Kisha ubaoni, chaki mkononi. Akaacha kupanda moto, akaacha soko, mwishowe akaacha shule. Shangazi yake akampeleka katika chumba kimoja cha maombi. Huko akaambiwa kwamba baba yake mdogo amemfanyia ulozi, akafungishwa siku tatu pasipo chakula wala maji ya kutosha. Akatoka mdhaifu zaidi, na ukoo umegawanyika. Katekista akamwonea huruma, akamwambia: «Mwalimu, usijisumbue kuja kanisani, tutakuletea Komunyo nyumbani.» Padri naye, kila aliposikia kwamba mwalimu ameshikwa, alikimbia na maji ya baraka, akamwombea mpaka akatulia. Miezi sita ikapita. Sasa mwalimu haendi mbali kuliko mlango wa nyumba yake, na mke ndiye anayeuza ndizi ili watu kumi na mmoja wale.

Maswali ni manne. Amepatwa na nini? Kwa sababu gani? Aponywe namna gani? Na je, katekista na padri walitenda vema?

II. AMEPATWA NA NINI?

Shambulio la hofu huanza ghafula na kufika kileleni kwa dakika chache, mara nyingi kabla ya dakika kumi. Kisha hushuka lenyewe. Dalili zake zajulikana: moyo kupiga mbio, jasho, kutetemeka, pumzi kukosa, koo kubanwa, maumivu ya kifua, kichefuchefu, kizunguzungu, baridi au joto la ghafula, ganzi, kuona dunia kama si ya kweli, kuogopa kupoteza akili, kuogopa kufa. Zikikutana nne au zaidi pamoja, waganga huliita shambulio kamili.

Lakini tuangalie vema: shambulio moja si ugonjwa. Watu wengi hushikwa mara moja au mbili katika maisha, kisha basi. Twasema ugonjwa upo ikiwa mashambulio yanarudi bila kutazamiwa, na kama baada yake, kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi, mtu anaishi akiogopa kushikwa tena, au anabadili mwenendo wake ili asishikwe. Mwalimu wetu ameyafikia yote mawili.

Ugonjwa huu si mpya, wala hauwapati watu wa taifa moja tu. Mwaka 1871 mganga wa Marekani, Jacob Mendes Da Costa, aliandika habari za askari wa vita vya nchi yake ambao moyo wao ulipiga mbio, kifua kikauma, pumzi ikakatika, wala hakuona kidonda katika moyo wenyewe. Leo twafikiri kwamba wengi wao walikuwa na ugonjwa wa hofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Donald Klein, mganga wa New York, alionyesha kwamba dawa iitwayo imipramini huyazuia mashambulio haya. Mwaka 1980 waganga wa akili wa Marekani waliupa ugonjwa jina lake pekee, na leo umo pia katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) iliyoanza kutumika mwaka 2022. Katika nchi zilizouchunguza sana, watu wawili au watatu katika mia huugua katika mwaka mmoja, na wanawake ni kama mara mbili ya wanaume. Mara nyingi huanza kati ya miaka ishirini na thelathini. Waseminari wa filosofia na teolojia waone kwamba huo ndio umri wao.

Sasa, ndani ya mwili kunatendeka nini? Tuchukue mfano wa mitaa yetu. Mara ngapi vijana wamekesha usiku wakiwa na filimbi na sufuria, ili adui akija watu waamke! Mlinzi mwema hupiga filimbi akiona adui. Lakini mlinzi aliyechoka, aliyekesha siku nyingi, aliyekwisha kuona maiti, siku moja hupiga filimbi kwa sababu mbuzi amepita gizani. Kartie nzima huamka. Mama wanafunga watoto mgongoni, vijana wanashika mapanga, mioyo inapiga. Filimbi ni ya kweli, mbio ni za kweli, jasho ni la kweli. Adui tu ndiye hayupo.

Ndivyo ilivyo katika ugonjwa huu. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, ambayo ni moja ya walinzi wa mwili. Inapopiga filimbi, adrenalini humwagika katika damu, moyo hukimbia ili kuipeleka damu miguuni, mapafu huvuta pumzi nyingi. Yote hayo ni matayarisho ya kupigana au kukimbia. Kama hakuna wa kupigana naye, nguvu hiyo yote humrudia mtu mwenyewe. Kwa kuvuta pumzi haraka kupita kiasi, hutoa gazi karboniki nyingi kuliko inavyofaa. Ndipo mishipa ya ubongo hujibana kidogo, kizunguzungu huja, vidole na midomo hufa ganzi. Mtu husema: «Nakosa hewa», kumbe hewa ameivuta kupita kiasi. Husema: «Nitazimia», kumbe kwa kawaida mtu huzimia tansio ikishuka, na katika shambulio la hofu tansio hupanda.

Mwaka 1986 David Clark, mwalimu wa sikolojia wa Oxford, alieleza mzunguko wake wazi. Moyo unaruka kidogo. Mtu anafasiri: «Hiki ni kifo». Wazo hilo linaleta woga. Woga unauongeza mwendo wa moyo. Moyo unaonekana kuthibitisha wazo. Hivyo gurudumu huzunguka mpaka kileleni. Na hapa ndipo ufunguo ulipo: mtu akikimbia, hutulia. Akili yake hujifunza somo la uwongo: «Nimepona kwa sababu nimekimbia.» Kumbe angebaki pale pale, shambulio lingeshuka vilevile. Kila mara anapokimbia, ugonjwa hupata chakula chake.

III. KWA SABABU GANI?

Asili si moja. Tuzitaje zile zinazojulikana.

1. Urithi. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake ameugua ana hatari zaidi kuliko wengine. Lakini asili hii haitoshi peke yake.

2. Tabia na utoto. Wengine tangu utoto huwa wepesi wa kuyaogopa mambo ya mwili wao wenyewe: moyo ukipiga kidogo, wanafikiri mauti. Mateso ya utotoni, kupigwa, kutendewa vibaya, kufiwa, huongeza hatari.

3. Uzito wa maisha. Mara nyingi shambulio la kwanza huja baada ya miezi ya taabu: matanga, kuhama, madeni, ugomvi wa nyumbani. Mwaka 2019 OMS ilitangaza hesabu ya nchi zenye vita: karibu mtu mmoja katika watano ana ugonjwa fulani wa akili au wa roho iliyoumia, ukiwamo huzuni mkubwa na hofu. Tuwafikirie waliokimbia kutoka Mbau, Oicha na Eringeti, wanaolala wengi katika chumba kimoja. Mlinzi wao amekesha miaka.

4. Vitu tunavyoingiza mwilini. Kahawa ni utajiri wa milima yetu, lakini nyingi mno huwasha mwili wa mtu mwenye ugonjwa huu. Tumbaku pia. Kasiksi na lutuku hutuliza usiku, lakini asubuhi, pombe inapotoka katika damu, hofu hurudi na nguvu zaidi. Kukosa usingizi huyakamilisha hayo yote.

5. Magonjwa yanayojifanya hofu. Hapa tuwe na akili. Rovu, yaani tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, huleta moyo wa mbio, mikono ya kutetemeka na kukonda. Upungufu wa damu, pumu, sukari iliyoshuka, ugonjwa wa moyo, aina fulani za kifafa, hata dawa nyingine kama meflokini ya malaria, zaweza kuiga shambulio la hofu. Kwa hiyo mtu asiambiwe «ni hofu tu» kabla ya kupimwa.

Je, na ulozi na pepo wabaya? Swali hili haliepukiki kwetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, yatufundisha kwamba ugonjwa, hasa ule wa akili, ni jambo jingine kabisa, na kuutibu ni kazi ya elimu ya waganga. Na kabla ya kupunga pepo sharti kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa yakataza mtu yeyote kupunga waliopagawa pasipo ruhusa ya pekee na ya wazi ya askofu wa mahali. Basi, moyo wa mbio, ganzi na woga wa kufa si alama za pepo. Anayemtaja baba mdogo kuwa mlozi hajaponya mtu. Amewapa watu wa ukoo sababu ya kuchukiana, na pengine ya kuuana. Hali kadhalika tusimwambie mgonjwa kwamba imani yake ni haba. Nabii Elia alichoka na kuogopa hata akaomba kufa chini ya mti; Mungu hakumgombeza, alimpa usingizi, mkate na maji, halafu njia.

IV. APONYWE NAMNA GANI?

Neno la kwanza ni neno la furaha: ugonjwa huu hutibika. Wengi wanaofuata matibabu mpaka mwisho hupata nafuu kubwa.

1. Kupimwa mara moja, na vizuri. Mgonjwa aende kwenye sentri ya afya, na ikihitajika katika hospitali kuu ya zone yake, kama vile Kitatumba, Katwa, Beni au Oicha. Apimwe tansio, damu, sukari na malaria. Moyo na tezi pia ikiwa mganga ameona sababu. Maumivu ya kifua yanayokuja wakati wa kupanda mlima au kubeba mzigo, kuzimia kweli, homa, miguu kuvimba, au shambulio la kwanza kwa mtu mwenye umri mkubwa, ni mambo ya kukimbiza hospitali. Lakini akiisha kupimwa vema na kuonekana mzima, asizunguke tena kutoka hospitali hata hospitali. Kupimwa kila juma ni kukimbia kwa namna nyingine.

2. Kuelezwa. Neno «huna kitu» ni baya, kwa sababu si kweli na mgonjwa anajua si kweli. Aambiwe: «Una kitu, tena kinajulikana, kina jina. Moyo wako ni mzima. Mlinzi wako amepiga filimbi kwa mbuzi.» Wengine huanza kupona siku hiyo hiyo wanapoelewa.

3. Pumzi na mwili. Ajifunze kupumua polepole kwa tumbo, kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta. Afanye mazoezi hayo kila siku akiwa ametulia, asingoje shambulio. Desturi ya kupumua ndani ya mfuko wa karatasi iachwe. Yaweza kumdhuru mwenye pumu au ugonjwa wa moyo. Apunguze kahawa polepole, aache tumbaku na pombe, atafute usingizi, atembee kwa miguu.

4. Kurudi hatua kwa hatua. Hii ndiyo dawa yenyewe. Wanaojua kazi hii humfundisha mgonjwa, kwa mazungumzo kumi hadi kumi na tano, kuyakaribia yale anayoyakimbia. Kwanza huyakaribia mambo ya mwili wake: humkimbiza papo hapo kwa dakika moja, humzungusha, ili aone kwamba moyo wa mbio na kizunguzungu haviui. Kisha mahali. Kwa mwalimu wetu ngazi yaweza kuwa hivi: kuketi ndani ya kanisa tupu siku ya kazi, kusikiliza Misa ya asubuhi katika benchi la nyuma, Misa ya Jumapili karibu na mlango, Misa ya Jumapili katikati, mpaka baraka ya mwisho. Abaki katika kila ngazi mpaka woga ushuke wenyewe, airudie mara nyingi, ndipo apande nyingine. Asimame hapo woga ukiwapo; asingoje kwanza woga utoke.

Hapa lazima tuongeze neno ambalo vitabu vya nchi za amani havina haja nalo. Kwetu, njia nyingine zina adui kweli. Hatumtumi mtu katika njia ya kuviziwa ili apone woga. Kanuni yetu iwe hii: tuulize kama majirani zake wenye akili timamu, wasio na ugonjwa huu, wangepita pale leo. Kama wangepita, woga wake ni wa uwongo, naye apite pamoja nao. Kama wasingepita, woga wake ni wa kweli, naye abaki. Tumsifu kwa busara yake. Na kwa kuwa hali hugeuka, swali liulizwe upya kila siku. Mtu aliyejifunza kuitofautisha filimbi ya mbuzi na filimbi ya adui amepona, hata kama bado anaishi Beni.

5. Dawa za hospitali. Kuna dawa zinazosaidia: setralini, paroksetini, fluoksetini, na zile za zamani kama imipramini na klomipramini. Mganga ndiye anayezitoa. Katekista ajue mambo matatu tu. Kwanza, hazifanyi kazi siku ya kwanza. Zataka majuma mawili hadi sita, na siku za mwanzo zaweza hata kuongeza wasiwasi, ndiyo sababu mganga huanza na kipimo kidogo. Pili, mgonjwa akipata nafuu asiziache ghafula. Kwa kawaida huendelea miezi mingi, kisha hupunguza kwa shauri la mganga. Tatu, diazepamu, ambayo watu huinunua farmasini kama peremende, hutuliza haraka lakini hufunga mtu kama pombe, na ikichanganywa na pombe yaweza kuua. Katika mashauri yake ya mwaka 2023 OMS haikubali dawa za namna hiyo ziwe tiba ya ugonjwa huu.

Waganga wa akili ni wachache kwetu. Ndugu wa Upendo walianzisha nyumba za kuwatibu wagonjwa hao, Tulizo Letu mjini Goma na SOSAME mjini Bukavu. Lakini Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, safari ya mgonjwa kutoka kwetu ikawa ngumu zaidi. Kwa sababu hiyo OMS, tangu mwaka 2008, ina mpango wa kuwafundisha waganga na wauguzi wa kawaida kutibu magonjwa haya. Sehemu kubwa ya kazi tuliyoieleza yaweza kufanywa na muuguzi aliyefundishwa, akisaidiwa na watu wa nyumbani, mwalimu mwenzake na katekista.

V. JE, KATEKISTA NA PADRI WALITENDA VEMA?

Tujibu pasipo kuwadharau, maana sisi wenyewe tumefanya vivyo hivyo zaidi ya mara moja. Nia yao ilikuwa njema. Tendo lao lililisha ugonjwa.

Katekista alipomruhusu mwalimu abaki nyumbani, alimfungia mlango kwa upendo. Angalimwambia: «Mwalimu, kesho saa kumi na moja na nusu nitapita kwako, twende pamoja Misa ya asubuhi. Tutaketi nyuma. Ukishikwa, tutabaki tumekaa, sitakuacha.» Kisha, majuma yanayofuata, angalipunguza msaada wake: leo aende naye, kesho amngoje mlangoni, kesho kutwa amkute ndani. Komunyo ya nyumbani ni kwa ajili ya wasioweza kutembea; huyu aliweza, alihitaji mwenzi wa njiani.

Padri naye aliombea vema, lakini kwa saa mbaya. Mwalimu alijifunza kwamba shambulio hushuka kwa sababu Padri amefika. Siku Padri akiwa safarini, je? Hata rozari yaweza kugeuzwa kuwa hirizi, mtu akiishika ili woga usije. Tufundishe sala nyingine. Bwana wetu katika bustani ya Getsemani aliufahamu uchungu hata jasho likamtoka. Aliomba kikombe kiondolewe, kisha akabaki. Mgonjwa asiombe tu: «Bwana, niondoe hapa.» Aombe: «Bwana, kaa nami hapa.» Sala ya kwanza yaweza kumfanya akimbie, ya pili humfundisha kusimama. Maombezi, Mpako wa Wagonjwa na baraka zina mahali pake, katika siku iliyopangwa, pamoja na dawa na wala si badala ya dawa. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu mganga kwa sababu Mungu ndiye aliyemwumba.

Jambo moja zaidi tusilisahau. Mtu aliyechoka kwa hofu ya miezi mingi aweza kufikiri kujiua. Tumwulize waziwazi, kwa upole. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo.

Na kwa ndugu zetu waseminari: mmoja wenu akishikwa siku ya kusoma somo mbele ya watu, au padri kijana akishikwa altareni katikati ya Prefasio, asione aibu, wala asidhani kwamba wito wake umekwisha. Asiombe mara moja kuondolewa katika zamu ya kusoma. Aende kwa mganga, aseme na mkuu wake, kisha arudi kusoma, kwanza katika kikanisa kidogo mbele ya wenzake watatu, halafu mbele ya wote.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu, kwa kuwa kesi haimaliziki katika karatasi. Kama yuko katika parokia yako, ameketi leo mlangoni mwa nyumba yake, anaangalia njia. Mke wake yuko sokoni. Wanafunzi wake hawana mwalimu. Usimletee maji ya baraka tu, wala usimpitishe tena kwa mfumu au katika chumba cha maombi. Mweleze filimbi na mbuzi. Mpeleke apimwe. Kisha kesho asubuhi, kabla jua halijatoka, mgongee mlango, mwende kanisani pamoja polepole.